Uzi: Kwa nini Yusuf wa "Peponi" anawakimbilia askari? Tujadili bustani, mbwa na rehani

Msomaji wa Magomeni (mleta uzi)

Wakuu, kila ninapokutana na mtu aliyesoma Peponi ya Abdulrazak Gurnah, tunaelewana vizuri mpaka tufike ukurasa wa mwisho. Hapo kila mtu anashika njia yake. Kijana tuliyemfuata tangu ana miaka 12, tukamwonea huruma, tukamwombea atoke kwenye ile nyumba, anatoka kweli, halafu anakwenda kuwakimbilia askari wa Wajerumani. Wengi wananiambia riwaya imekatika vibaya. Mimi naamini imeishia pale pale ilipokuwa inaelekea tangu mwanzo, na nitajaribu kuonyesha kwa nini. Ambaye hajaisoma na hataki kujua mwisho, aishie hapa kwanza.

Kwa wanaoijua kwa kusikia tu: Gurnah alizaliwa Zanzibar mwaka 1948, akaenda Uingereza akiwa kijana, na riwaya hii aliitoa 1994 kwa Kiingereza, jina lake Paradise. Mwaka huo huo iliingia orodha ya mwisho ya tuzo ya Booker. Alipopata Nobel ya Fasihi mwaka 2021 ndipo wengi wetu huku tukaanza kuulizana huyu ni nani, na 2022 Mkuki na Nyota wakatoa Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Kwa hiyo kisingizio cha lugha hakipo tena.

Kisa chenyewe: Yusuf anaishi na wazazi wake Kawa, mji mdogo wa bara uliochangamka enzi za ujenzi wa reli kisha ukapoa. Baba ana hoteli ndogo isiyolipa. Mara kwa mara hupita tajiri mmoja wa pwani, Aziz, ambaye mtoto amelelewa akijua ni ndugu yao wa damu. Siku moja Aziz anaondoka naye. Hakuna anayemweleza sababu. Anapanda treni hadi pwani, anawekwa dukani, na huko kijana mwenzake, Khalil, anamfungua macho bila huruma: huyu si ndugu yako, huyu ni seyyid, na wewe uko hapa kwa sababu baba yako ana deni lake. Wewe ni rehani. Khalil mwenyewe pia ni rehani.

Riwaya nyingi za makuzi tulizozoea humchukua mtoto asiyejua kitu zikamfikisha kwenye ujuzi, na ujuzi ukampa nafasi yake duniani: kazi, mke, elimu, au angalau kujua anachokitaka. Gurnah anampitisha Yusuf njia hiyo hiyo, ila ujuzi anaoupata ni mmoja tu, nao ni bei yake. Kila kituo cha safari kinamfundisha upya kwamba yeye ni mtu wa kuachwa mahali, kuchukuliwa, kushikiliwa. Aziz anamwacha kwa Hamid, mwenye duka kule mlimani. Anamchukua kwenye msafara wa kwenda bara, ng'ambo ya ziwa. Msafara unaharibikiwa kwa Chatu, mtawala wa huko, mali inanyang'anywa, watu wanashikiliwa, na anayekuja kuamua nani arudishiwe nini ni Mjerumani na askari wake. Hapo Yusuf anaona jambo ambalo watu wazima hawalitamki: Aziz, bwana wa kila mtu, naye ana bwana.

Sasa rudini mwanzo. Aziz kila akiaga Kawa humwachia mtoto sarafu mkononi. Mara ya kwanza unasoma unaona ukarimu wa mgeni. Ukirudia baada ya kumaliza kitabu, ile sarafu inauma. Mtoto anaifurahia, anaingojea, anampenda mgeni kwa ajili yake, na anayempa ndiye anayemdai baba yake. Sijui ishara nyingine ndogo kiasi hicho inayobeba riwaya nzima.

Halafu bustani. Nyumbani kwa Aziz kuna bustani iliyozungushiwa ukuta. Katikati pana bwawa, mifereji inatoka hapo kwenda pande nne, kuna miti ya matunda, mihina, miasumini. Aliyelelewa akisikia habari za Pepo anaitambua picha hiyo mara moja. Yusuf anaipenda kwa dhati. Anajipenyeza kusaidia kazi humo, na hiyo ndiyo kazi pekee anayoifanya bila kutumwa. Naomba tusiupuuze uzuri wa ile bustani, kwa sababu Gurnah haupuuzi. Maji yake ni maji, maua yake yananukia.

Lakini humo ndani ameweka vitu viwili. Cha kwanza ni vioo vilivyotundikwa kwenye miti. Unadhani ni pambo. Kumbe Zulekha, bibi mwenye nyumba, aliyejifungia ndani kwa sababu ya alama usoni mwake, anavitumia kuitazama bustani na waliomo bila yeye kuonekana. Yusuf alipodhani yuko peke yake na miti, alikuwa anatazamwa. Cha pili ni Mzee Hamdani, mtunza bustani. Yule mzee alikuwa mtumwa. Zulekha alipoolewa alimpa uhuru uwe zawadi, na mzee akaukataa. Yusuf anapomuuliza, jibu lake ni kwamba uhuru si kitu ambacho bibi alikuwa nacho mkononi hata ampe mtu. Wanaweza kumfunga, kumpiga, kumtumikisha, na mwisho wa yote watakuwa hawakumpunguzia chochote alichozaliwa nacho.

Maneno mazito hayo, na najua watu wengi wanaishia hapo wakasema ndiyo falsafa ya mwandishi. Soma mstari unaofuata. Yusuf anasikia hekima humo, ila anaisikia ni hekima ya kuvumilia, ya mtu asiye na uwezo wa kufanya jambo. Hapo ndipo mtoto anapokua, wakuu. Anampenda mzee, anamheshimu, na anajua hataki kuzeeka hivyo, akimwagilia uzuri ambao si wake huku ukuta umemzunguka.

Mbwa nitawaachia mseme ninyi kwanza. Nataka hasa kumsikia anayeona Yusuf amekosea kukimbia.

Jirani wa Tabata

Uzi mzuri sana. Mimi sijasoma na nimeshaharibiwa mwisho lakini sijali, nimepata hamu. Kinapatikana wapi mjini?

Msomaji wa Magomeni

@Jirani wa Tabata pita duka la vitabu la TPH, mtaa wa Samora. Wasipokuwa nacho siku hiyo waulize, ni kitabu cha wachapishaji wa hapa hapa Dar.

Ummu Salma TMK

Assalaam alaykum. Mleta uzi, umezunguka pembeni ya jambo kubwa kuliko yote, labda umetuachia tuliosoma chuo cha Qur'an. Jina la kijana ni Yusuf. Mwenye nyumba ni Aziz. Mke wa mwenye nyumba ni Zulekha. Nani hapa hajui kisa hicho?

Surat Yusuf ni sura ya 12, aya 111, na yenyewe inajiita kisa kizuri kuliko visa vyote. Mtoto mzuri wa sura anatupwa kisimani na ndugu zake, anauzwa Misri kwa thamani ndogo, pesa za kuhesabika, anaingia nyumba ya mkubwa anayeitwa Al-Aziz, mke wa mkubwa anamtamani, anakimbilia mlangoni, kanzu inachanika kwa nyuma. Kuchanika kwa nyuma ndiko kunakomtoa hatiani, kwa sababu mwenye kushambulia huchanika mbele. Gurnah amekiweka kile kitambaa kilichochanika vile vile. Khalil anapoona shati la Yusuf, jambo la kwanza kulishughulikia ni limechanika wapi. Mtu aliyeisikia sura hiyo utotoni anasimama hapo na kushusha pumzi.

Ila angalia mwandishi alipoachana na sura. Nabii Yusuf alifundishwa tafsiri ya ndoto, na ndoto ndizo zilizomtoa gerezani zikamfikisha kwenye hazina za Misri. Yusuf huyu anaota sana, tena ndoto za kutisha, mbwa mkubwa amemsimamia, na hana wa kumfasiria. Hana hata elimu ya dini ya kumsaidia. Kule mlimani, kwa Hamid, mwezi wa Ramadhani, ndipo inagundulika hajui kusoma Qur'an, na wenyeji wake wanahuzunika kwelikweli, wanampeleka chuoni akakae na watoto wadogo. Nilipofika hapo nililia. Huyu mtoto ana jina la Nabii na hakuna aliyejali kumsomesha kisa cha jina lake. Baba alimtoa, tajiri akamchukua, kila mtu aliona uso wake mzuri na hakuna aliyeuliza ndani mna nini.

Sasa kuhusu swali lako la mwisho. Katika sura, Yusuf alipozidiwa na vishawishi vya wanawake wale, aliomba dua, akasema gereza analipenda kuliko hayo wanayomwitia. Akaingia gerezani kwa hiari ya moyo wake. Mimi nawaona wale askari wa Wajerumani kuwa ndilo gereza la Yusuf huyu. Halikimbilii kwa sababu ni zuri. Analikimbilia kwa sababu kubaki kwenye bustani ile kunamharibu zaidi.

Tofauti ni kwamba Yusuf wa kwanza alijua ametunzwa na nani. Huyu hakuwa na mtu.

Mzee Upanga

Vijana mnachambua vizuri, lakini naomba kutofautiana, tena kwa nguvu.

Mnaliita gereza, mnaliita kukua. Hebu tuliite kwa jina lake. Wale ni askari wa jeshi la Wajerumani, vita vya kwanza vya dunia viko mlangoni, na wamefika pale pwani kukamata watu wa kubebeshwa mizigo. Yusuf na Khalil wamejifungia dukani kwa hofu, wanachungulia. Wameona watu waliokamatwa. Wameona yule mzungu. Halafu kijana anatoka mbio kuwafuata.

Vita vile vilianza 1914. Waingereza waliichukua Dar es Salaam Septemba 1916, na kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, hakusalimu amri mpaka Novemba 1918, kule Abercorn, siku hizi Mbala, Zambia. Katika miaka hiyo askari wa pande zote mbili walikuwa Waafrika, na wapagazi wasiohesabika walikufa kwa njaa na maradhi njiani, wengi bila kaburi. Tunapita kila siku kwenye sanamu ya Askari pale Posta, mtu ameinama na bunduki ameelekeza bandarini. Waingereza waliisimamisha 1927. Kabla yake, mahali hapo Wajerumani walikuwa wamemsimamisha gavana wao, von Wissmann. Na Kariakoo yenu imeitwa hivyo kwa sababu ya kambi ya wapagazi wa Waingereza. Mji wetu umejengwa juu ya habari hizi na bado tunazungumza kama vile kujiunga na askari ni mlango wa kutokea.

Hoja yangu ni hii. Yusuf alijifunza kwamba Aziz ana bwana. Akaona bwana mkubwa ni Mjerumani. Akamwendea bwana mkubwa. Huo si utu uzima. Ni akili ya mtu aliyelelewa rehani tangu utotoni, anaona dunia nzima ni ngazi ya mabwana, na analoweza kufanya ni kupanda daraja moja. Gurnah anatuonyesha jinsi ukoloni ulivyopata watu wake: haukuwapata kwa bunduki peke yake, uliwakuta wameshazoeshwa kumilikiwa na watu wao wenyewe. Ndiyo maana kitabu hiki kinaumiza. Hakimsingizii mzungu kila kitu.

Na mbwa uliotuachia ndio ushahidi wangu. Askari wanapoondoka wanaacha kinyesi kwenye kambi yao, mbwa wanakuja kukila, na Yusuf anajiona kwa mbwa wale. Kisha anakwenda kuwafuata walioacha kinyesi. Mwandishi angesema wazi kiasi gani zaidi ya hapo?

Msomaji wa Magomeni

Mzee wangu shikamoo. Hoja yako ya ngazi ya mabwana ni nzito, na sehemu ile ya kutomsingizia mzungu kila kitu nakubaliana nayo kabisa. Msafara wa Aziz si wa malaika. Mnyapara wake, Mohammed Abdalla, ni mtu katili, na wapagazi wanatendewa vibaya tangu hatua ya kwanza. Gurnah haturuhusu kuota kwamba kabla ya Mjerumani tulikuwa Peponi.

Ila kwenye mbwa natofautiana nawe. Mbwa wako kwenye kitabu tangu mwanzo. Usiku wa kwanza kwanza dukani, Yusuf na Khalil wanalala barazani na mbwa wa mitaani wanazunguka gizani. Yusuf anawaogopa mno. Baadaye wanaingia ndotoni. Kwa hiyo mbwa ni hofu yake mwenyewe, ile ya kujua kuwa ni kitu cha kuliwa. Mwisho wa riwaya mbwa hawamrukii tena. Wanakula, yeye anawatazama, na anaelewa anachokiona. Mtoto aliyekuwa akijificha chini ya shuka sasa anaweza kuitazama hofu yake na kuiita jina. Jina lenyewe ni la aibu, ndiyo: kwamba yeye amekula alichopewa maisha yake yote. Lakini anayeweza kujiambia hivyo ameshatoka utotoni.

Tena kumbuka, hakuna aliyemtuma kukimbia. Pwani alipelekwa. Mlimani aliachwa. Bara alichukuliwa. Hata chumbani kwa Zulekha aliitwa, akaliombee dua lile jeraha la uso. Mbio zile ni kitendo chake cha kwanza kabisa ambacho hakuna aliyekiagiza. Kwamba ni kitendo kibaya, au cha hatari, hilo ni swali jingine. Gurnah anauliza kijana ambaye hakuwahi kuchagua atachagua nini siku ya kwanza. Na mbele yake palikuwa na njia ngapi?

Mtoto wa Mtaa wa Kongo

Huwa nasoma tu jukwaa hili, leo naandika.

Nililetwa Dar nikiwa bado shule ya msingi, kutoka Singida. Niliambiwa nakwenda kusoma kwa ndugu yake baba mwenye duka Kariakoo. Shule nilianza, sikumaliza mwaka. Nilikuwa nalala stoo juu ya majora ya vitambaa, alfajiri nafungua mlango wa chuma, nafagia, nakaa kaunta mpaka adhana ya magharibi. Mwenye duka hakunipiga. Alikuwa mpole, ananiita mwanangu mbele za wateja. Mshahara nilikuwa naambiwa anatumiwa baba. Nilipokwenda nyumbani kumzika bibi ndipo nikajua kulikuwa na daftari, na jina la baba yangu lilikuwa ndani ya daftari hilo na tarakimu mbele yake, na kila mwezi wangu ulikuwa unakatwa humo. Sikuwa na jina la kuliita jambo hilo hadi nilipokutana na Khalil kwenye kitabu hiki.

Nyote mnamzungumzia Yusuf. Mimi naona aliyekua humo ni Khalil, na amekua vibaya kama tulivyokua wengi. Anafanya kazi kwa bidii. Anatania wateja, anawapigia kelele, anacheka sana. Anajua hesabu zote za duka. Bwana akija anambusu mkono. Anamwita Yusuf majina ya kumcheka, kifa urongo, lakini usiku ndiye anayemfukuzia mbwa. Na mwishoni tunajua kwamba deni la baba yake lilikwisha zamani, au lingeweza kwisha, na bado hajaondoka. Yupo pale kwa sababu ya Amina, yule msichana ambaye baba wa Khalil alimwokoa mikononi mwa watekaji akamlea kuwa mwanawe, kisha wote wawili wakaishia kwa Aziz. Aziz akamwoa Amina. Khalil amebaki kwenye kaunta ili asimwache dada yake peke yake nyuma ya ule ukuta.

Mzee Upanga unasema ni akili ya kumilikiwa. Naomba uelewe upande wa ndani. Ukishajua kuwa uko kwenye daftari la mtu, kuondoka si kufungua mlango tu. Ukiondoka wewe, nani anaingia kwenye daftari? Mdogo wangu alikuwa anakaribia umri ule ule. Nilikaa dukani mpaka akamaliza darasa la saba. Watu waliniona mjinga. Khalil sikumwona mjinga hata ukurasa mmoja.

Na upole wa Aziz ni ishara kubwa kuliko bustani, kwa maoni yangu. Hapandishi sauti. Ananukia. Anaswali. Anaongea na kila mtu kwa adabu. Mwandishi angemfanya mkatili tungemchukia tukamaliza. Badala yake kampa Yusuf bwana ambaye ni vigumu kumchukia, na mtoto anahangaika miaka yote kutafuta mahali pa kuishika hasira yake. Hiyo naijua.

Mwalimu wa Fasihi Temeke

@Mtoto wa Mtaa wa Kongo nakushukuru. Nitaisoma post yako darasani bila kutaja jina lako, kama utaniruhusu.

Kidogo kuhusu kufundisha. Sisi walimu tumewazoesha wanafunzi kuorodhesha: dhamira ya kwanza utumwa, ya pili ukoloni, ya tatu mapenzi, kisha ujumbe, falsafa, msimamo, tumemaliza. Uchambuzi wa fani na maudhui si mbaya, unampa mwanafunzi mahali pa kushika. Lakini kitabu hiki kinaukataa utaratibu huo, kwa sababu kitu kile kile kinabadilika maana kadiri Yusuf anavyokua. Ukuta wa bustani, kwa mtoto wa miaka 12, unaficha kitu kizuri. Kwa kijana aliyerudi kutoka bara, ukuta ule ule unamfungia mtu. Ukuta haujasogea. Nimewaambia wanafunzi wangu wachague kitu kimoja tu, wakifuate kutoka mwanzo hadi mwisho, waandike kila kinapotokea Yusuf yuko katika hali gani. Waliochagua maji waliandika vizuri kuliko wote: bwawa la bustani, ziwa wanalolivuka, maporomoko ambayo wasimulizi wanayahusisha na lango la Peponi. Mmoja akaniuliza mbona kila maji mazuri kitabuni yana mlinzi. Sikuwa na la kuongeza.

Dada Mbagala

Nimewasoma wote mpaka hapa. Yusuf, Khalil, Aziz, Nabii, askari, sanamu. Amina ametajwa kwa sababu ya kaka yake.

Amina naye alikua humo. Alitekwa akiwa mtoto, akaokolewa, akapewa tajiri, akaolewa naye, na kazi yake ni kukaa na Zulekha na kumtafsiria anayoyasema kwa Yusuf. Yeye ndiye mtu pekee kitabuni anayeifahamu bustani kwa ndani na anaisema ilivyo: kama ipo Jehanamu duniani, basi ni hapa. Wanaume wote wanabishana Pepo iko wapi. Kule mlimani Hamid na rafiki zake, Kalasinga na Hussein, wanakesha wakiijadili, ina milango mingapi, ina ngazi ngapi. Mwanamke anayeishi ndani ya ile wanayoipigia mfano anawajibu kwa sentensi moja, na hakuna anayemsikia isipokuwa Yusuf.

Yusuf anamtaka waondoke pamoja. Ana mapenzi ya kweli, simkatalii. Lakini waulizeni wakubwa wenu, na mjiulize wenyewe: katika kitabu hiki kinachoitwa cha makuzi, nani anaruhusiwa kukimbia? Mzee Upanga anasema amefanya vibaya kukimbilia kwa askari. Mleta uzi anasema ni uamuzi wake wa kwanza. Amina hana hata askari wa kuwakimbilia. Zulekha pia, pamoja na utajiri wake, anatazama maisha kwa vioo. Makuzi ya wasichana humu yanaishia kwenye chumba.

Mzee Upanga

Binti yangu, hilo la mwisho limenigusa. Nina swali kwako na kwa mleta uzi pia: mnausomaje ule mlio wa komeo? Yusuf anatazama jeshi linavyokwenda, na nyuma yake, upande wa bustani, anasikia kama milango inafungwa kwa makomeo. Ndipo anapokimbia. Mimi nimeusoma siku zote kuwa Pepo imefungwa, Adamu ametolewa nje.

Dada Mbagala

Shikamoo mzee. Anayefungiwa ni nani? Yusuf yuko nje tayari. Komeo likifungwa upande wa bustani, aliyebaki ndani ni Amina. Na Mzee Hamdani. Na Khalil yuko dukani.

Msomaji wa Magomeni

Nimetoka kufungua kitabu tena. Dada Mbagala, usomaji wako unabeba na neno la mwisho kabisa la riwaya, yale macho yanayomwasha anapokimbia. Nilikuwa naona ni vumbi la jeshi, au aibu ya mbwa. Sasa naona anakimbia akijua ameacha watu ndani. Ameshajifunza bei yake, na amejifunza pia kwamba hana uwezo wa kumkomboa mwingine yeyote. Khalil alijua hilo akabaki. Yusuf amelijua akakimbia. Sidhani mwandishi anatuambia yupi ana haki, na Mtoto wa Mtaa wa Kongo ameshatueleza kubaki kunagharimu nini.

Kwa anayetaka kuendelea: mwaka 2020 Gurnah alitoa Afterlives, na humo yumo kijana anayeitwa Hamza aliyejiunga mwenyewe na jeshi la Wajerumani. Hoja ya Mzee Upanga kuhusu kilichowasubiri waliokimbilia huko imo mule ndani, kambini, siku hadi siku. Mwenye nakala aseme tufungue uzi wake, na safari hii Dada Mbagala aanzishe.